Hina ya kukanda, koni ya dukani au piko: ubebe ipi kwenye kazi ya harusi, ya Idi na ya mkusanyiko

Fundi wa hina anayeanza kuitwa kwenye shughuli hujishughulisha zaidi na maua: ya Kiarabu yenye nafasi pana, ya Kihindi yaliyojaa mpaka kiwiko, ya Kisudani yenye mistari minene. Maua huja kwa mkono kuzoea. Kinachomjengea au kumharibia fundi jina ni kilichomo ndani ya koni. Pwani yetu, toka Lamu hadi Unguja, vitu vitatu vinashindania mkono wa mteja: hina iliyokandwa na fundi mwenyewe, koni iliyojazwa kiwandani, na piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayochorwa juu ya ngozi. Mteja akipiga simu huviita vyote hina, kwa hiyo ni juu ya fundi kujua anaombwa nini.

Wengi huchagua kwa kuangalia rangi. Sisi tunashauri uanze na saa. Hesabu saa zilizopo kati ya kupaka na shughuli yenyewe, halafu uliza ni sehemu gani ya mwili itakayopakwa. Ukishapata majibu hayo mawili, kilichobaki cha kuchagua ni kidogo.

| | Hina ya kukanda | Koni ya dukani | Piko |
|---|---|---|---|
| Kinachotia rangi | Lawsoni, iliyomo kwenye majani ya mhina | Mara nyingi rangi za viwandani zisizotajwa | PPD, kemikali ya rangi ya nywele |
| Kukaa mkononi | Saa 6 hadi 8 | Dakika 10 hadi saa 2 | Dakika 30 hadi 60 |
| Ikibanduliwa | Rangi ya chungwa | Nyekundu au kahawia iliyokolea | Nyeusi |
| Kukolea kikamilifu | Saa 48 | Hapo hapo | Hapo hapo |
| Kuhifadhi | Friza, miezi 3 hadi 6 | Kabatini, hata mwaka | Unga mkavu. Ikikorogwa ni ya siku hiyo |

Hina ya kukanda

Kazi huanzia kwenye unga. Unga wa kuchorea ni tofauti na wa nywele: umesagwa laini zaidi na umechekechwa, na mwingi mzuri hutoka Sojat, Rajasthan, nchini India. Unga mzuri una rangi ya kijani iliyofifia na unanukia majani makavu. Ukiwa wa kahawia umeshapigwa na jua au umezeeka. Ukiwa wa kijani kinachong'aa mno, shuku. Nyunyiza kidogo juu ya karatasi ya shashi iliyoloweshwa: kijani kikichuruzika hapo hapo, ujue umetiwa rangi. Hina tupu huacha alama ya chungwa, tena baada ya muda.

Kwa gramu 100 za unga tumia sukari gramu 25, maji ya ndimu yaliyochujwa au maji ya kawaida mililita 250 hadi 300, na mafuta ya kunukia ya mimea mililita 25 hadi 30. Mafuta yanayofaa ni lavenda, mti wa chai au kajuputi. Haya ndiyo yanayokoleza rangi. Chai ya rangi na kahawa, ambazo kila mtu husifia, haziongezi kitu cha maana, na ngozi laini ikiwashwa na ndimu, maji matupu yanatosha. Mafuta ya karafuu tunayo tele na yanakoleza kweli, ila yanaunguza: yasizidi mililita 2 kwa gramu 100 za unga, na kwa watoto na wajawazito yaache kabisa. Mafuta ya mkaratusi nayo usiwapake watoto.

Changanya unga na sukari, tia mafuta, kisha mimina robo tatu ya maji huku ukikoroga kwa kijiko cha mti au cha plastiki. Tumia bakuli la kioo au la plastiki, kwa sababu chuma hubadili rangi ya hina. Mchanganyiko uwe mzito kama mtindi uliogandishwa. Ufunike kwa nailoni inayogusa uso wake ili hewa isiingie, kisha uuache. Chumba chenye joto la nyuzi 30, kama ilivyo Mombasa au Unguja wakati wa kaskazi, hina huwa tayari kwa saa 6 hadi 8. Nairobi mwezi wa Julai inaweza kuchukua saa 12 hadi 18. Usiiweke juani ili kuiharakisha: itatoa rangi mapema na kufa mapema.

Kujua kama iko tayari, paka tone katikati ya kiganja, subiri dakika tano, lifute. Likiacha chungwa kavu la wazi, endelea. Hapo ndipo unapotia maji yaliyobaki, kijiko kimoja kimoja, mpaka hina ianguke kwa utepe usiokatika. Ichuje kwa soksi ndefu ya nailoni, halafu ijaze kwenye koni. Hatua ya kuchuja ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo inayowafanya wakae mbele ya wageni wakizibua ncha ya koni kwa pini. Gramu 100 za unga hutoa koni kama 16 za gramu 25. Katika gharama zake, fedha nyingi huliwa na mafuta. Unga ni nafuu, kwa hiyo usibane kwenye ubora wa unga.

Sukari inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo inayowachanganya mafundi wanaohama mji. Kazi yake ni kuishika hina kwenye ngozi na kuizuia isikauke haraka. Pwani wakati wa masika hewa ina maji mengi, na sukari huyavuta. Ukitia gramu 30 maua yatalegea na kutiririka, kwa hiyo punguza hadi 15 au 20. Nairobi, au nyumba ya Muscat yenye kiyoyozi kinachovuma usiku kucha, hina yenye sukari kidogo hupasuka na kudondoka kabla saa mbili hazijapita. Huko panda hadi 30 au 35. Kiyoyozi kina ubaya mwingine: ngozi ikipoa haishiki rangi vizuri. Mwambie mwenyeji akizime au amfunike mteja miguu.

Ngozi lazima iwe safi na isiwe na losheni wala mafuta. Singo, kunyoa na nta vyote vitangulie, kwani singo ni ya kusugua, na ikifuata baada ya hina huondoa tabaka lile lile la ngozi lililoshika rangi. Mkubaliane mapema na somo wa bibi harusi, kwa sababu singo huendelea kwa siku kadhaa: hina ikishapakwa, mikono na miguu iachwe. Hina ikikauka juu juu, ilowanishe kwa pamba yenye maji ya ndimu na sukari, mara mbili au tatu bila kuizamisha. Inakaa saa 6 hadi 8, kisha inakwanguliwa kwa ukingo wa kisu butu bila maji. Maji yakae mbali kwa saa 12 zaidi ikiwezekana, na kabla ya kuoga mikono na miguu ipakwe mafuta ya nazi au ya ufuta.

Kwa mteja anayeswali, hina iliyokauka juu ya ngozi huzuia maji ya udhu, ingawa rangi inayobaki haizuii. Ndiyo maana kazi nyingi hupangwa baada ya Isha na kubanduliwa kabla ya Alfajiri, au bibi harusi huchagua siku ambazo haswali. Ukianza saa tatu usiku na kumaliza saa sita, hina ya mwisho itapata saa tano tu kabla ya Alfajiri. Kwa hiyo anza na nyayo na viganja, ambavyo ni vinene na ndivyo mteja atakavyovitazama sana, umalizie na sehemu ambazo rangi hafifu haitaonekana vibaya.

Ikibanduliwa huwa na rangi ya chungwa. Mama wa bibi harusi atashtuka, tena kwa sauti, usipomwambia mapema. Rangi hukolea kwa kukutana na hewa: siku ya kwanza chungwa, ya pili nyekundu ya matofali, na mwisho wa siku ya pili au ya tatu kahawia iliyokolea kwenye viganja na nyayo. Nyuma ya mkono haifiki huko, na mapajani au mgongoni inabaki nyepesi zaidi, kwa sababu rangi hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi na tabaka hilo ni nene viganjani na nyayoni. Mteja anayetaka maua ya begani yawe meusi kwa hina hatayapata, hata ukande namna gani.

Majani mabichi ya mhina wa uani, yaliyotwangwa kwenye kinu na ndimu, bado yana kazi: kujaza nyayo na kuchovya ncha za vidole. Mstari mwembamba hayawezi, yana nyuzi.

Koni ya dukani

Hina halisi iliyokandwa ikikaa kwenye joto la kawaida hudhoofika ndani ya siku mbili tatu. Hiyo peke yake inatosha kukuonyesha koni ya dukani ni nini. Koni iliyosafirishwa kwa meli, ikakaa ghalani, ikatundikwa dukani miezi sita na bado inatoa rangi kwa dakika kumi haitegemei majani ya mhina. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umekuta ndani ya koni za namna hii rangi za viwandani kama sodiamu pikramati, pamoja na fenoli na viyeyusho vinavyonuka kama mafuta ya taa, na nyingine zina PPD. Kwenye boksi huandikwa "asili 100%" na orodha ya vilivyomo haipo.

Sifa zake ni za kweli: bei ndogo, hazihitaji friza, mstari wake ni laini, na rangi inaonekana mteja akiwa bado kitini. Kwenye mkusanyiko wa watu 40 sifa hizo zinavutia sana. Lakini ukipaka watu 40 kitu usichojua kilichomo, mmoja akivimba huna jibu la kumpa daktari. Rangi yake pia huondoka vibaya, kwa mabaka, mara nyingi ndani ya wiki, wakati hina ya kukanda hufifia taratibu kwa wiki moja hadi tatu.

Tunazikubali kwa kazi moja tu: mazoezi. Chora juu ya kioo au karatasi ngumu ya plastiki, ukiwa umevaa glavu, ujizoeze mkandamizo wa kidole na mikunjo ya maua. Ukilazimika kununua koni za kupaka watu, nunua kwa fundi anayezikanda na kuzigandisha. Muulize zilikandwa lini, ni mafuta gani yamo, zimetolewa kwenye friza saa ngapi. Anayesita kwenye swali la kwanza, mwache.

Piko

Haitakuwa haki kulinganisha piko bila kusema kwa nini inapendwa. Maua meusi yaliyojazwa hina nyekundu ni pambo la bibi harusi linalojulikana pwani nzima, na kwenye ngozi nyeusi sana piko inaonekana pale ambapo hina hupotea. Inakauka kwa nusu saa. Haihitaji siku mbili. Bibi harusi aliyechelewa kukumbuka hina huokolewa na piko, au ndivyo anavyodhani.

Piko ni unga wa rangi ya nywele uliokorogwa na maji, na kinachotia weusi ni parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya hauruhusu PPD kupakwa kwenye ngozi, na hata kwenye rangi ya nywele kikomo ni asilimia 2 baada ya kuchanganywa. Michoro myeusi ya ngozi iliyopimwa maabara imewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 15. Na tofauti na nywele, ambako rangi huoshwa baada ya nusu saa, piko huachwa ikauke ikiwa imegusa ngozi tupu.

Tatizo haliji kwa kila mtu, na hilo ndilo linalowafanya wengi wasiamini. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza, au ukajibu baada ya wiki moja hadi mbili. Mara ya pili au ya tano, ndani ya siku moja hadi tatu, maua yale yale huinuka, yakawasha, yakatoa malengelenge yanayofuata kila mstari. Yakipona yanaweza kuacha alama nyeupe au kovu lililovimba kwa miezi au kwa maisha. Aliyewahi kuwashwa namna hiyo hubaki na mzio wa PPD maisha yake yote: akija kupaka rangi ya nywele ukubwani uso unaweza kuvimba, na anaweza pia kuwashwa na baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo zenye ukoo wa kikemikali na PPD. Jibu la "nimepaka miaka yote sijadhurika" linasema habari za jana tu.

Kipimo cha tone nyuma ya sikio si kinga kamili, maana tone lenyewe linaweza kuamsha mzio. Kutia hina ya kukanda ndani ya piko hakupunguzi chochote. Kwa maoni yetu piko isiwe kwenye mkoba wa fundi anayepokea fedha za watu, na kwa watoto hilo halina mjadala.

Anayetaka weusi ana njia moja nyingine ya mmea: jagua, rangi ya tunda la Amerika ya Kusini. Hupakwa ikiwa jeli, hukaa kama saa mbili, huoshwa, na siku ya pili huwa na buluu inayokaribia nyeusi kwa siku 10 hadi 14. Ni ghali, huagizwa kutoka nje, hutunzwa kwenye friza, na wapo wachache wanaopata mzio nayo pia. Jaribu kwanza eneo dogo mkononi siku mbili kabla. Kwa maua ya piko na hina pamoja, jagua kwa mstari na hina kwa kujaza hukaribia sura ile. Ila chora jagua kwanza, iwe imeshaoshwa ndipo ujaze hina, kwani zikikutana zikiwa mbichi mipaka huvurugika.

"Hina nyeupe" ni rangi ya kubandika isiyotia doa lolote. Inafaa kwa picha za siku moja.

Kazi kwa kazi

Bibi harusi: hina ya kukanda, ipakwe siku mbili kabla. Nikaha ikiwa Ijumaa alasiri, kazi iwe Jumatano usiku. Mikono hadi kiwiko na miguu hadi katikati ya muundi huchukua saa 5 hadi 8 na koni 4 hadi 6, beba 8. Chukua arbuni tarehe inaposhikwa, na muandikiane maua na urefu, maana "mpaka hapa" ya kwenye simu na "mpaka hapa" ya ukumbini hazilingani. Ukiitwa na saa 24 zimebaki, kubali, lakini yaweke maua viganjani na nyayoni na uyajaze, usiyafanye ya mistari myembamba. Baada ya kubandua, mikono iwekwe karibu na joto, kama la chetezo, kwa umbali usiounguza. Zikibaki saa tatu, sema wazi kwamba itakuwa chungwa. Wengine wataikubali na wengine watamtafuta mtu wa piko, na kazi hiyo haikuwa yako.

Mkusanyiko wa wageni, iwe mkesha wa hina, kitchen party au sherehe ya ofisi: hapa hesabu ni ya dakika. Ua la nyuma ya mkono mmoja huchukua dakika 5 hadi 7, kwa hiyo mtu mmoja anapaka watu 8 hadi 10 kwa saa, pamoja na wanaobadili mawazo. Wageni 40 ni saa nne hadi tano, au mafundi wawili. Toza kwa saa, si kwa kichwa, la sivyo utalipwa watu 15 na kupaka 30. Beba maua manne au matano yaliyochapishwa, wachague humo. Wageni hawatakaa na hina saa nane, kwa hiyo waambie waiache angalau saa nne. Bandika karatasi yenye maelekezo hayo mezani, kwani hakuna anayesikiliza wakati taarabu inapigwa.

Kabla ya kumpaka yeyote uliza mawili: amewahi kuwashwa na rangi ya nywele au piko? Ana kidonda au ukurutu mkononi? Watoto wachanga usiwapake hata hina safi. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD si nadra kwenye maeneo yetu ya malaria, na kwa mtoto mwenye hali hiyo lawsoni inayopenya ngozini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mama akisisitiza, mchoree mtoto ua kwa kalamu ya rangi ya uso inayooshwa.

Idi ndogo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ya mwezi. Ukisubiri uandame usiku wa 29 Ramadhani, rangi itakuwa chungwa wakati wa swala ya Idi. Anza kupokea wateja tangu tarehe 26 usiku, jaza 27 na 28, na usiku wa mwisho uuache kwa watoto wakubwa na maua madogo. Idi kubwa haina shida hiyo, tarehe yake inajulikana siku kumi mapema. Kanda gramu 300 wiki moja kabla ya msimu, gandisha, na utoe koni saa moja kabla ya kazi ziyeyuke zenyewe kwenye meza. Zikiyeyushwa kwa maji ya moto hina hutengana na kutoa maji nchani.

Aliye Uingereza au Marekani na anapaka wageni wa harusi za jumuiya huko aongeze jambo moja: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imeidhinisha hina kwa nywele tu na si kwa ngozi, na Ulaya kama tulivyosema haivumilii PPD kwenye ngozi. Mwenye ukumbi anaweza kudai orodha ya vilivyomo. Fundi wa hina ya kukanda huiandika kwa mistari miwili: unga wa hina, maji ya ndimu, sukari, mafuta ya lavenda. Mwenye koni ya dukani hana cha kuandika.

Koni zilizobaki baada ya shughuli zirudishe kwenye friza usiku ule ule, uziwekee alama. Hina iliyoyeyuka mara mbili haina nguvu ya kwanza, lakini kwa nyayo na ncha za vidole bado inakolea vya kutosha.